Namna ya kuthibitisha namba tasa kubwa kwa daftari na kalamu

Kitaluni kwangu Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, hupanga miche ya parachichi katika mistari iliyo sawa ili kuhesabu kuwe rahisi. Mistari 12 ya viriba 15, basi najua ni miche 180, sihitaji kugusa kimoja kimoja. Msimu mmoja tulibakiwa na viriba 127. Kijana wa kidato cha pili anayekuja kunisaidia Jumamosi akahangaika navyo asubuhi nzima. Akipanga kwa saba saba, kimoja kinabaki. Kwa tisa tisa, kimoja tena. Kwa kumi na moja, vinabaki sita. Mwishowe akasimama, mikono imejaa udongo: "Mwalimu, hivi vinakataa."

Vinakataa kweli. 127 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na hata ungempa mwaka mzima asingepata mistari iliyo sawa, labda avipange vyote 127 katika mstari mmoja mrefu. Nilipomweleza, akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja tangu nianze kufundisha hisabati: "Na kama ni elfu nane na kitu, au laki tano, utajuaje bila kujaribu yote?"

Mwongozo huu ndio jibu nililompa, nimeuongezea kidogo. Ukiufuata utathibitisha mwenyewe kwamba 8,191, 131,071 na 524,287 ni namba tasa. Simu yenye intaneti itakwambia hilo kwa sekunde moja, lakini haitakwambia kwa nini, na mimi nakutakia uijue sababu. Andaa kaunta buku, kalamu, na simu yenye kikokotoo. Kiswaswadu kinatosha kabisa.

Hatua ya kwanza: jua pa kusimama

Kama namba inagawanyika katika sehemu mbili zinazozidishana, moja kati ya hizo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Zote mbili zikizidi, zao lake litaipita namba. Kwa hiyo kwa 127, ambayo kipeuo chake ni 11 na kidogo, unajaribu 2, 3, 5, 7 na 11 tu. Zikishindwa hizo, umemaliza. Hakuna haja ya kujaribu 4 au 6, kwa sababu kinachogawanyika kwa 4 kilishagawanyika kwa 2.

Kipeuo cha 8,191 ni 90 na ushei. Chini yake zipo namba tasa 24, maana yake kugawa mara 24. Hiyo ni kazi ya saa moja. Kwa 524,287 kipeuo ni 724, na namba tasa za kujaribu zinafika 128. Mwitaliano Pietro Cataldi wa Bologna aliifanya kazi hiyo mwaka 1588 kwa wino na karatasi, akathibitisha 131,071 na 524,287. Namheshimu sana mtu huyo. Lakini sisi tutafika alikofika kwa kugawa mara tatu tu kwa kila namba.

Hatua ya pili: chagua namba za ukoo mmoja

Siri ni kwamba namba hizi hazikuokotwa popote. Anza na 2, uizidishe kwa 2, na tena kwa 2: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Umefika 2⁷. Toa 1, unapata 127, ile idadi ya viriba vyangu. Ukiendelea mpaka 2¹³ unapata 8,192, ukitoa 1 ni 8,191. Namba za umbo hili zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Orodha ile ilikuwa na makosa, nitaligusa moja mbele.

Kabla ya kitu kingine, angalia kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu. Kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, acha, usipoteze wino. Chukua 2¹⁵ − 1, ambayo ni 32,767. 15 ni 3 mara 5, basi 2³ − 1 = 7 inaigawa, na 2⁵ − 1 = 31 inaigawa pia. Kikokotoo kitakuonyesha: 7 × 31 × 151 = 32,767. Ni hivyo daima.

Ila usidhani kipeo kikiwa tasa basi kazi imekwisha. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 si tasa: ni 23 × 89. Ningebakiwa na viriba 2,047, yule kijana angevipanga mistari 23 ya viriba 89 bila shida. Na hapo kwenye 23 ndipo tunapojifunza jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, kwa hiyo tukae hapo.

Hatua ya tatu: tazama mzunguko

Andika 2 kwenye daftari. Izidishe kwa 2, lakini kila ukipita 23 toa 23, ubaki na baki tu. Fanya kwa mkono wako, usisome tu:

2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Umefika 1. Ukiendelea, utarudi 2, 4, 8 na kuzunguka vilevile bila mwisho, kama siku ya gulio inavyorudi kila wiki. Hesabu urefu wa mzunguko: ni hatua 11. Haikutokea kwa bahati. 23 inaigawa 2¹¹ − 1, na kusema hivyo ni sawa na kusema 2¹¹ ikigawanywa kwa 23 inabakiza 1. Urefu wa mzunguko lazima uingie ndani ya 11 sawasawa, na kwa kuwa 11 ni tasa hauna pengine pa kwenda ila 11 yenyewe.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alieleza kwamba ukichukua namba tasa yoyote isiyo 2, tuiite q, basi 2 ikipandishwa kwenye kipeo cha q − 1 itabakiza 1 ikigawanywa kwa q. Kwa 23, hiyo ni 2²². Basi baada ya hatua 22 lazima tuwe tumerudi kwenye 1, na mzunguko wetu wa hatua 11 unaingia mara mbili kamili ndani ya 22.

Unganisha hayo mawili. Kigawo chochote tasa q cha 2ᵖ − 1, p ikiwa kipeo ambacho ni tasa, lazima kiwe na mzunguko wenye urefu wa p, na p lazima iigawe q − 1. Tena q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Basi q − 1 inagawanyika kwa 2 × p. Kwa lugha ya kitaluni: vigawo vya 2ᵖ − 1 havijatawanyika ovyo, vimepandwa kwa nafasi maalumu. Kwa p = 11 nafasi ni 22, na vigawo vyote tasa vinapatikana kwenye 23, 45, 67, 89 na kuendelea. Tazama, 23 na 89 zote zimo!

Nakumbuka nilivyoliona hili mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, usiku wa baridi ya mwezi wa saba, nimejifunika blanketi na daftari magotini. Nilirudia mzunguko wa 23 mara nne kuhakikisha sijakosea. Sikulala mapema siku ile.

Lipo chekecheke la pili. Kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7, si 3 wala 5. Sababu fupi ni hii: p ni witiri, hivyo p + 1 ni shufwa na 2ᵖ⁺¹ ni mraba. Mraba huo ukigawanywa kwa q unabakiza 2. Namba tasa zinazokubali mraba ubakize 2 ni zile tu zinazobakiza 1 au 7 kwa 8. Hilo la mwisho lina uthibitisho wake mrefu. Kwa leo litumie kama chombo.

Hatua ya nne: chekecha, kisha gawa

8,191 kwanza. p ni 13, nafasi ni 26. Wagombea ni 27, 53, 79, kisha tunapita 90 na kusimama. 27 si tasa, itupe. 53 kwa 8 inabakiza 5, itupe. Imebaki 79, ambayo kwa 8 inabakiza 7, basi ijaribu: 79 × 103 = 8,137, baki 54. Haigawi. Umemaliza. 8,191 ni namba tasa, na umegawa mara moja badala ya 24.

Siku nilipowaonyesha vijana wa Jumamosi hesabu hii, binti mmoja hakuamini kwamba imekwisha. Akagawa zote 24 pembeni. Sikumzuia, maana hivyo ndivyo mtu anavyoiamini njia.

131,071. p ni 17, nafasi ni 34, kipeuo ni 362. Andika 35, 69, 103, 137, 171, 205, 239, 273, 307, 341. Toa zisizo tasa, zinabaki 103, 137, 239 na 307. 307 kwa 8 inabakiza 3, inatoka. Gawa kwa tatu zilizobaki: kwa 103 baki ni 55, kwa 137 baki ni 99, kwa 239 baki ni 99. Ukiona 99 mara mbili usidhani umekosea. 137 × 239 × 4 ni 130,972, ndiyo maana zote mbili zinaishia mahali pamoja.

524,287. p ni 19, nafasi ni 38. Orodhesha mwenyewe mpaka 724, chekecha, utabakiwa na 191, 457 na 647. Mabaki ni 183, 108 na 217. Tasa.

Cataldi alidai pia kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vinatoa namba tasa. Mpime. Kwa 23 nafasi ni 46, mgombea wa kwanza ni 47, na 47 × 178,481 = 8,388,607, ambayo ni 2²³ − 1 kamili. Kwa 29 nafasi ni 58: 59 inatolewa na chekecheke la 8, 117 na 175 si tasa, anayefuata ni 233, na anagawa. Kwa 37, 75 si tasa, 149 inabakiza 5 kwa 8, anayefuata ni 223, naye anagawa. Madai matatu, na yote yanaanguka kwa mgombea wa kwanza anayepita chekecheke. Fermat ndiye aliyeikamata ya 23 na ya 37, na Leonhard Euler akaikamata ya 29.

Ya 31 Cataldi alipatia. 2³¹ − 1 ni 2,147,483,647, na Euler aliithibitisha mwaka 1772 kwa njia hiihii: nafasi na chekecheke la 8 vikiunganishwa, wagombea wote wako kwenye 248k + 1 au 248k + 63, mpaka 46,340. Hizo ni kama 372 za kujaribu. Ukiwa na kundi la wanafunzi 12, kila mmoja anapata 31. Nimewahi kuliwaza hilo kwa likizo ya Desemba. Namba hii inaishi pia ndani ya kompyuta nyingi kama kikomo cha kuhesabia. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 itaijaza Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, jua likiwa bado halijaugusa mlima Loleza.

Hatua ya tano: njia isiyogawa kabisa

Kugawa kuna mwisho wake. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, namba yenye tarakimu 39, na kwa kugawa asingemaliza maisha yake yote. Alibuni njia nyingine, ambayo Derrick Henry Lehmer aliiweka sawa miaka ya 1930. Ni fupi kiasi cha kushangaza.

Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki ukigawa kwa namba unayoipima. Rudia. Kwa kipeo p rudia mara p − 2. Ya mwisho ikiwa sifuri, namba ni tasa. Ikiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Kwa 127 unarudia mara 5: 4, kisha 14, 67, 42, 111, 0. Angalia ile ya mwisho, 111 × 111 − 2 = 12,319, na 127 × 97 ni 12,319 kamili. Kwa 2,047 unarudia mara 9 na unaishia 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa, japo njia haikukutajia 23 wala 89. Inakwambia inagawanyika bila kukwambia kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa kwa 2⁶⁷ − 1: Mersenne aliiweka kwenye orodha yake kimakosa, Lucas akaonyesha mwaka huohuo wa 1876 kwamba si tasa, lakini vigawo vyenyewe vikapatikana mwaka 1903 tu, kwa Mmarekani Frank Nelson Cole: 193,707,721 na 761,838,257,287. Toa 1 kwenye kile cha kwanza ugawe kwa 134. Inagawanyika, kama hatua ya tatu ilivyosema.

Sasa fanya 8,191, mara 11. Hapa namba zinanenepa, kwa hiyo jifunze kukunja. Kwa kuwa 8,192 ni 8,191 na moja juu, kila 8,192 unayoitoa inakuachia 1. Basi gawa kwa 8,192, chukua jibu zima ujumlishe na baki. Mfano: 194 × 194 − 2 = 37,634. Ndani yake 8,192 inaingia mara 4, baki 4,866. 4 na 4,866 ni 4,870. Ukijumlisha ikafika 8,191 au kuzidi, toa 8,191 mara moja. Mnyororo mzima ni huu, uulinganishe na wako:

4, 14, 194, 4,870, 3,953, 5,970, 1,857, 36, 1,294, 3,470, 128, 0.

Kosa moja katikati linaharibu kila kinachofuata, na hutaliona mpaka mwisho. Kwa hiyo kagua kila mraba kwa kujumlisha tarakimu. Tarakimu za 3,953 zina jumla 20, yaani 2. Mraba wa 2 ni 4. Mraba wa 3,953 ni 15,626,209. Jumla ya tarakimu ni 31, yaani 4. Zimelingana, endelea. Ukaguzi huu hauoni tarakimu zilizobadilishana nafasi, hivyo ukinakili kutoka kwenye simu soma kwa sauti. Nimeona mnyororo wa kurasa mbili ukifa kwa sababu mtu aliandika 5,790 badala ya 5,970.

Njia hiihii, mraba toa 2, inatumika hadi leo kuthibitisha namba tasa za ukoo huu. Mradi wa kompyuta za kujitolea unaoitwa GIMPS ulianza mwaka 1996, na Oktoba 2024 ulitangaza 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyopatikana na Luke Durant, yenye tarakimu 41,024,320. Wapo wanaouliza kama namba kubwa hivyo inalinda pesa za benki kwenye simu. Hapana. Kufuli za namna ile hutumia namba tasa za tarakimu mia kadhaa, tena za siri. Hii inajulikana na dunia nzima. Watu wanaitafuta kwa sababu ipo na inatafutika, na mimi naona sababu hiyo inatosha.

Sasa zamu yako: 131,071, kwa kurudia mara 15, ukikunja kwa 131,072. Tenga jioni moja. Nitakupa alama moja tu ya njiani. Kwenye 8,191 ulipita 128, na mraba wa 128 ukitoa 2 ni 8,191 mara mbili kamili. Kwenye 127 ulipita 111, ambayo ni 127 toa 16, na mraba wa 16 ukitoa 2 ni 254, mara mbili ya 127. Kwenye 131,071 namba inayokaa mahali hapo ni 512, au 131,071 toa 512, yaani 130,559. Ukifika mara ya 14 na moja ya hizo mbili iko kwenye karatasi yako, ya 15 itakuwa sifuri. Ukiona nyingine yoyote, rudi nyuma ukajumlishe tarakimu.